Tanuri Lisilo na Moto: Jinsi Mbao Zinavyokaushwa kwa Kuondoa Unyevu Hewani

Utangulizi

Mjomba wangu alikuwa seremala, na karakana yake ndogo ilikuwa pembezoni mwa mtaa wa Makongeni, mashariki mwa jiji la Nairobi. Mwaka mmoja alipata kazi ya kuunda milango sita ya mninga. Mbao alizozinunua zilikuwa mbichi, na mteja alikuwa na haraka. Mjomba akazisimamisha mbao zile katika chumba cha mabati, akaweka majiko mawili ya makaa, akafunga mlango. Alikuwa amesikia kwamba mbao nzuri hukaushwa katika tanuri, na tanuri, kwa jinsi alivyolielewa neno hilo, ni mahali pa moto. Siku ya nne alipofungua, mbao zilikuwa kavu kwa nje, lakini nyingi zilikuwa zimepasuka kuanzia ncha hadi karibu na katikati, na nyingine zimejikunja kama magome. Hakutoka mlango hata mmoja. Malipo ya awali yalikuwa yamekwisha kununulia mbao hizo, na deni lile alililipa kwa muda wa miaka miwili.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa tayari mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, nilipata nafasi ya kuingia katika karakana moja ya Eneo la Viwanda, kando ya barabara ya Lunga Lunga, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka pale alipofanyia kazi mjomba. Humo nilionyeshwa chumba kilichojaa mbao za mninga na mvule zikikaushwa. Nilipouweka mkono ukutani, ukuta haukuwa na moto. Nilimwuliza mzee aliyekisimamia, "Mzee, moto uko wapi?" Akacheka, akanionyesha mpira mwembamba uliotoka ukutani ukidondosha maji ndani ya ndoo. "Moto wa nini, kijana? Mimi kazi yangu ni haya maji."

Makala haya yanakusudia kulifafanua jibu la mzee yule. Hoja yake kuu ni kwamba ubao haukaushwi kwa ukali wa joto. Ubao hukauka kwa sababu hewa inayouzunguka ni kavu kuliko wenyewe, na ufundi wote uko katika kuipima tofauti hiyo ili isizidi kiasi. Tutaanza na maji yaliyomo ndani ya mti, tueleze kwa nini ubao hupinda na kupasuka, kisha tuingie ndani ya tanuri lenyewe. Mwishoni tutarejea kwenye lugha, kwa maana naamini kosa la mjomba lilianzia kwenye neno.

Maji ndani ya mti

Mti ulio hai ni chombo cha maji. Ukikatwa leo na kupasuliwa mbao leo, maji yaliyomo katika mbao hizo huenda yakawa nusu ya uzito wa mti mkavu, na katika baadhi ya miti yakauzidi uzito huo. Wataalamu huyapima kwa njia rahisi. Kipande kidogo cha ubao hupimwa uzito kikiwa kibichi, hukaushwa katika joko la maabara kwa nyuzijoto 103 hadi uzito wake usipungue tena, kisha hupimwa upya. Kipande kilichokuwa na gramu 150 kikibakia gramu 100, maji yaliyotoka ni gramu 50, na unyevu wa ubao ule ulikuwa asilimia 50. Karakanani fundi hutumia kifaa kidogo cha mkononi chenye sindano mbili, ambacho hupima unyevu kwa jinsi umeme unavyopita katika ubao.

Maji hayo ni ya namna mbili. Kuna yale yaliyomo katika matundu ya nyuzi za mti kama maji yaliyomo katika mrija. Haya hutoka mwanzo, na kutoka kwake hakubadilishi umbo la ubao. Ubao hupungua uzito tu. Namna ya pili ni maji yaliyoshikamana na kuta za nyuzi zenyewe, kama unyevu uliobakia katika kitambaa kilichokamuliwa. Mpaka kati ya namna hizi mbili huwa karibu na asilimia 28 hadi 30, na tunaweza kuuita kiwango cha kushiba kwa nyuzi. Unyevu ukishuka chini ya kiwango hicho, kuta za nyuzi huanza kusinyaa, na ubao nao husinyaa. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Aidha, ubao haukauki hadi mwisho kabisa. Hubadilishana unyevu na hewa mpaka wapatane. Katika hewa yenye nyuzijoto 20 na unyevuanga wa asilimia 65, ubao hutulia karibu na asilimia 12. Katika hewa ya pwani, yenye unyevuanga wa asilimia 80 hivi, hutulia penye asilimia 15 au 16. Ndiyo sababu kabati lililoundwa Mombasa likaletwa Nairobi, penye hewa kavu zaidi, huanza kuachia viungo, na dirisha lililopigwa randa likakaa sawasawa Nairobi hukataa kufunguka likifika Mombasa. Mafundi wa kale wa Uswahilini hawakuwa na kipimo chenye sindano, lakini milango yao inaonyesha walikijua kisa hiki. Mlango wa Lamu au wa Unguja una mbao mbili zinazokutana katikati, na juu ya maungano hayo umewekwa mfaa. Mbao zikisinyaa au zikivimba, mfaa huficha nafasi iliyopo kati yake.

Kwa nini ubao hupinda na kupasuka

Ubao ungesinyaa kwa kadiri moja pande zote, useremala ungekuwa kazi nyepesi. Lakini ubao husinyaa kidogo mno kwa urefu, husinyaa zaidi kuelekea kwenye moyo wa mti, na husinyaa karibu maradufu ya hapo ukifuata mzunguko wa pete za mti. Kwa hivyo ubao uliopasuliwa mbali na moyo wa gogo hujikunja kama kijaluba kadiri unavyokauka, na bao pana lililobeba moyo wa mti katikati yake huelekea kupasuka papo hapo penye moyo.

Sababu ya pili ni haraka. Maji ya ndani hayana njia nyingine ila kusafiri polepole hadi nje. Hewa ya nje ikiwa kavu mno au ya moto mno, ngozi ya ubao hukauka kabla ya kiini. Ngozi hutaka kusinyaa, lakini kiini kingali kimevimba na hakikubali. Ngozi hunyooka kupita uwezo wake, ikapasuka. Wakati mwingine haipasuki, bali hukakamaa ikiwa imenyooka vile vile. Siku zinapopita kiini nacho hukauka na kutaka kusinyaa, na safari hii ni ngozi inayokataa. Matokeo yake ni nyufa za ndani kwa ndani, mithili ya sega la nyuki, ambazo mteja hazioni hadi msumeno upite katikati. Ubao wa namna hii ni mzuri kwa macho, nao ndio unaomharibia fundi jina.

Ncha za ubao nazo zina kisa chake. Maji husafiri kwa wepesi mkubwa zaidi kufuata urefu wa nyuzi kuliko kuzikata, kwa hivyo ncha hukauka mapema mno kuliko katikati. Mafundi wenye uangalifu huzipaka nta au rangi nzito mara tu gogo linapokatwa. Nilipomsimulia mzee wa Lunga Lunga habari za mbao za mjomba, swali lake la kwanza lilikuwa, "Ncha alizipaka?" Hakuzipaka.

Tanuri linavyofanya kazi

Kabla ya kuliingia tanuri lenyewe, tufikirie chupa ya soda iliyotoka katika jokofu. Ikiwekwa mezani, muda si muda hutokwa na jasho. Jasho lile halikutoka ndani ya chupa, limetoka hewani. Hewa iliyogusa chupa imepoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa ya vuguvugu, kwa hivyo mvuke uliozidi umegeuka matone. Abiria wa matatu za Barabara ya Jogoo hulishuhudia jambo hilo asubuhi ya mvua, pumzi zao zinapogeuka maji juu ya vioo baridi. Tanuri la kuondoa unyevu limejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Matanuri ya aina hii yalianza kuenea Ulaya na Amerika Kaskazini katika miaka ya 1960 na 1970, na mashine yake ni ndugu wa jokofu la nyumbani.

Chumba chenyewe hufungwa barabara ili hewa isipenye, na kuta zake hujazwa kitu kizuiacho joto lisipotee. Ndani yake mna rundo la mbao, feni, na mashine. Feni husukuma hewa ipite katikati ya mbao. Hewa hiyo, ikiwa ya vuguvugu na kavu kiasi, huchukua mvuke kutoka kwenye nyuso za mbao. Ikiisha kulemewa na mvuke huingia katika mashine, na humo hukutana kwanza na mabomba yaliyo baridi. Mvuke hugeuka matone juu ya mabomba hayo, matone hukusanyika katika sinia, na maji hutoka nje kwa mpira hadi kwenye ndoo. Hewa sasa ni kavu lakini imepoa. Hapo hapo hupitishwa kwenye mabomba mengine yaliyo ya moto, ikapata vuguvugu upya, ikarudi kwenye mbao kuanza mzunguko mwingine.

Msomaji atauliza: joto la mabomba ya pili limetoka wapi ikiwa hakuna moto? Swali hili ndilo kiini cha mashine yote. Maji hayageuki mvuke bure. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke huhitaji joto linaloweza kuchemsha karibu lita 7 za maji baridi. Mvuke ule unapogeuka tena kuwa maji juu ya mabomba ya baridi, hulirudisha joto lote ulilokuwa umelichukua. Mashine hulipokea joto hilo kwa umajimaji unaozunguka ndani ya mabomba yake, kompresa huukandamiza umajimaji huo ukiwa katika hali ya gesi hadi ukapata moto, na joto lile lile likapelekwa kwenye mabomba ya pili. Kwa maneno mengine, joto lililotumika kukausha jana ndilo linalokausha leo. Tanuri la kawaida, lenye mvuke wa bwela au moto wa masalio ya mbao, hufungua matundu na kuitupa nje hewa yenye unyevu pamoja na joto lake, kisha hulazimika kupasha moto hewa mpya.

Kwa sababu hiyo tanuri hili halihitaji ukali. Mara nyingi huanza na hewa ya nyuzijoto 30 hadi 40, na huishia kati ya 50 na 70 kwa kutegemea mashine, ilhali matanuri ya mvuke huweza kufika 80 na zaidi. Upole huo huwapa maji ya kiini nafasi ya kufuatana na maji ya ngozi.

Kazi ya msimamizi

Mashine hata hivyo haikaushi mbao peke yake. Kazi huanzia kwenye kupanga. Mbao hulazwa kwa tabaka, na kati ya tabaka na tabaka huwekwa vijiti vyenye unene wa milimita 20 hadi 25, kila baada ya sentimita 40 hadi 60. Vijiti hivyo lazima visimame wima, kimoja juu ya kingine, tangu chini hadi juu ya rundo. Kijiti kikienda kando, ubao hulemewa mahali pasipo na egemeo, na ukikauka hubakia na umbo hilo. Juu kabisa huwekwa uzito wa mawe au saruji, kuzizuia mbao za juu zisijipinde.

Baada ya hapo msimamizi huisoma ndoo. Mzee yule aliniambia kwamba haangalii kipimo cha ukutani kabla ya kuangalia maji ya usiku. Ndoo ikijaa upesi kuliko inavyostahili kwa aina ile ya mti, mbao zinaharakishwa, naye hupunguza saa za mashine. Ndoo ikikaribia kuwa tupu, maji yamebakia ndani sana, naye huongeza joto kidogo. Tuchukue mfano wa mita moja ya ujazo ya mbao za saipresi ambazo zikiwa kavu kabisa zingekuwa na kilo 400. Kuzishusha kutoka unyevu wa asilimia 60 hadi 12 ni kuzitoa kilo 192 za maji, yaani karibu madebe kumi ya lita 20, na maji yote hayo hupita katika mpira ule mwembamba tone baada ya tone. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kikijaa upesi mno ni hasara.

Muda hutegemea mti na unene. Mbao laini za saipresi au msonobari zenye unene wa milimita 25 huweza kuwa tayari kwa majuma mawili hivi. Mbao ngumu za unene uo huo huhitaji majuma kadhaa. Mabao mapana na mazito ya kutengenezea meza, yenye unene wa milimita 50 hadi 75 na kingo zake za asili, ni habari nyingine: unene ukiongezeka maradufu, muda huongezeka zaidi ya maradufu, na waweza kukaribia mara nne. Mabao hayo ni heri yaanikwe kwanza kivulini kwa miezi mingi, hadi yakaribie asilimia 25 au 30, ndipo yaingizwe tanurini.

Mwishoni msimamizi hutenda jambo ambalo kwa mtazamaji ni kioja: hunyunyizia maji mepesi kama ukungu ndani ya chumba alichokitaabikia kukikausha. Unyevu huo mdogo huilegeza ngozi iliyokakamaa, ili ubao usijikunje utakapopasuliwa.

Ubora na upungufu

Aina hii ya tanuri inaifaa karakana ya mjini kwa sababu haina bwela wala bomba la moshi, na majirani wa Eneo la Viwanda ni makazi ya watu: Makongeni, Mbotela, na vijiji vya Mukuru. Vile vile yaweza kuanzishwa kwa chumba kidogo.

Hata hivyo ina upungufu wake. Hutegemea umeme, na umeme ukikatika kwa muda mrefu mbao mbichi hubakia katika hewa iliyojaa mvuke, ukungu ukaota. Si ya kasi. Tena, joto la chini haliui wadudu. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo, iliyopitishwa mwaka 2002, inataka kiini cha ubao kifike nyuzijoto 56 kwa muda wa dakika 30 mfululizo, kwa hivyo mwenye tanuri la upole hulazimika kuongeza kipasha joto cha ziada. Kiwanda kikubwa chenye masalio mengi ya mbao ya kuchoma huenda kikaona tanuri la mvuke lina gharama nafuu zaidi.

Umuhimu wa jambo hili nchini Kenya umeonekana wazi zaidi tangu Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 2023 ilipotangazwa kuondolewa. Katika kipindi hicho mafundi walitegemea zaidi miti ya mashambani, kama mkaratusi na mgrevilea, pamoja na mbao kutoka Tanzania na Kongo. Mkaratusi husinyaa na kupasuka kwa wepesi ukikaushwa vibaya. Mti ukiwa adimu, kuupoteza kwa haraka ya siku nne ni kupoteza miaka mingi ya kukua kwake.

Anika, banika, kausha

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna la kujifunza hapa. Lugha yetu ina vitenzi vitatu ambavyo katika mazungumzo ya kila siku tunavichanganya. Kuanika ni kutandaza kitu penye jua au upepo. Kubanika ni kukiweka karibu na moto, kama tubanikavyo samaki. Kukausha ni kukifanya kikauke, kwa njia yoyote. Mjomba hakukausha mbao zake; alizibanika. Angekuwapo mtu wa kumwambia hivyo kwa Kiswahili, angeielewa tofauti kwa neno moja, kwa kuwa hakuna abanikaye samaki akitarajia abakie laini ndani na nje.

Tukitazama zaidi, kitenzi kausha kimetokana na kauka kwa kiambishi cha usababishi, na sauti /k/ ikageuka /sh/. Sarafu hii ina pande mbili: yupo anayesababisha, na kipo kinachokauka chenyewe. Msimamizi wa tanuri la unyevu hauvuti maji kwa nguvu kutoka katika ubao. Huikausha hewa, nao ubao hukauka kwa mwendo wake. Ingekuwa sahihi kusema kwamba katika chumba kile kinachokaushwa ni hewa.

Ama neno tanuri, tumelirithi likiwa na moto ndani yake: tanuri la mkate, tanuri la chokaa. Sipendekezi tuliache, kwani limekwisha kuenea. Napendekeza tulifafanue kila tulitumiapo, tuseme tanuri la moto, tanuri la mvuke, tanuri la jua, tanuri la unyevu, ili msikilizaji asiyepata nafasi ya kuingia ndani asidhani kwamba yote ni mamoja. Istilahi za ufundi zimeundwa kwa wingi katika vikao vya wasomi, lakini aghalabu hazifiki Gikomba wala Lunga Lunga, na maneno ya Gikomba nayo hayafiki kwetu. Hasara ya utengano huo haiwi yetu. Humfika fundi.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ubao hupoteza maji kwa hatua mbili, kwamba husinyaa kwa kadiri tofauti pande tofauti, na kwamba haraka ndiyo adui wake mkubwa. Yameonyesha pia jinsi tanuri la kuondoa unyevu linavyotumia ubaridi kuikamua hewa na kulirudisha joto lile lile kazini. Atakaye kuchunguza zaidi anaweza kuanzia katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, iliyoanzishwa mwaka 1986, yenye makao makuu Muguga na kituo cha utafiti wa mazao ya misitu huko Karura.

Mjomba sasa amestaafu. Nilipomweleza niliyoyaona Lunga Lunga, alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza maji yale ya ndoo humwagwa wapi. Nilimjibu kwamba mzee yule humwagilia mche wa mwembe ulio nje ya karakana. Mjomba akatikisa kichwa, akasema kwamba mche huo utakuja kuwa mbao nzuri, ilimradi asiupewe mtu mwenye haraka.